Gari Lililoondoka na Nyaboke

Halipo.

Nyinyi mliokesha wiki nzima, tangu sehemu iliyopita, mkibishana kwamba labda Okari alitokea mlango mbaya wa duka, poleni. Duka lile la Rongo lina mlango mmoja tu. Okari alitoka na chupa ya glukosi mkononi, akatazama mahali alipoliacha gari lake likinguruma, akaona oili iliyodondoka chini na moshi ambao bado haukuwa umeamua uende wapi.

Gari limeibiwa. Na ndani yake, kwenye kiti cha nyuma, amelala mke wake Nyaboke, kajifunika blanketi hadi kichwani, uchungu wa kuzaa umemshika tangu asubuhi.

"Gari yangu!" Okari alipiga kelele. Kisha akamwita mkewe: "Mama Valentine!"

Mong'ina, mama anayeuza ndizi kando ya barabara, alimtazama kama anayetazama mlevi wa asubuhi.

"Gari si imechukuliwa na dereva wako?"

"Dereva gani? Mimi sina dereva!"

"Kijana wa shati nyekundu. Ameingia kama kwake, akafunga mlango polepole, akaenda. Hata amenisalimia."

"Bibi yangu yuko ndani!"

"Bibi gani? Mimi sikuona kichwa."

"Amelala nyuma! Amejifunika!"

Mong'ina alishika mdomo. "Uuui, Nyasae, Mungu wangu! Na wewe mogaka, mzee mzima, kwa nini uliacha injini ikinguruma?"

Swali zuri. Jibu ni kwamba stata ilikufa zamani.

Wenye magari ya dizeli mnaijua dawa yake. Asubuhi unalisukuma gari kwenye mteremko, linakohoa, linatema moshi, linawaka. Likishawaka, halizimwi mpaka jioni. Okari, shemasi wa kanisa la Sabato, alikuwa akiliegesha kwenye mteremko wa kanisa, na kutoka hapo ameenda nalo matanga likinguruma, ameenda kumwona chifu likinguruma. Gari lenyewe ni dogo, jeupe, la watu watano na mbuzi mmoja mpole. Wenzake wa Migori wenye magari madogo ya petroli walimwambia amenunua mashine ya kusaga yenye viti. Yeye alikuwa anaenda Kehancha na kurudi, mshale wa mafuta haujashtuka, anawapungia mkono wakiwa kwenye foleni ya petroli.

Leo hapakuwa na cha kuchekesha. Mtoto wao wa kwanza, Valentine, alitolewa kwa kisu na Daktari Nyatichi, mwenye nyumba ya uzazi kule Homa Bay. Asubuhi hii mkunga wa Migori alimpapasa Nyaboke tumbo, akamvuta Okari kando.

"Huyu asisukume," alimwambia. "Lile kovu la zamani likiachia, utazika wawili. Mpeleke kwa yule aliyempasua. Na usipige hadithi njiani."

Okari hakupiga hadithi. Alisimama mara moja tu, kununua glukosi.

"Ameelekea wapi?" alimuuliza Mong'ina.

"Njia ya Kisii. Lakini ngoja, mogaka. Alirudi."

"Alirudi?"

"Hapa hapa! Mbio kama mtu anayefukuzwa. Akakata kona ya Homa Bay. Safari hii hata hakunisalimia."

Mwizi gani anarudi kupita mahali alipoibia? Okari hakuwa na nafasi ya kujiuliza. Alikuwa tayari anakimbia kuelekea duka la vifaa vya ujenzi la Bashir, rafiki yake, ambaye pikapu yake ilikuwa nje imejaa simiti.

"Bashir! Washa!"

"Niwashe nini, shemasi? Fundi ananingoja na simiti yake tangu..."

"Nyaboke ameibiwa!"

Bashir hakuuliza mara ya pili. Alipanda, akawasha, na mifuko miwili ya simiti ikaanguka kwenye kona ya kwanza. Hakusimama kuiokota.

Pikapu ilipanda vilima kwa shida. Bashir ana ugonjwa mmoja: akiogopa, anafanya mzaha.

"Huyo mwizi ni mgeni, shemasi. Mwenyeji hawezi kuiba gari yako. Ataificha wapi na ile sauti?"

Okari aligeuza uso dirishani.

"Samahani, ndugu yangu. Mshale wa mafuta ulikuwa wapi?"

"Chini kabisa. Nilitaka kujaza njiani, pale Rodi."

"Basi sisi tumeshinda! Lazima asimame ajaze. Tunamkuta hapo hapo, tunamchukua mama, tunaenda."

Kwa mara ya kwanza Okari alivuta pumzi. Kisha akaikata katikati.

"Bashir. Atajaza nini?"

Hapa, wasomaji wangu, niruhusuni nimlaumu shemasi kidogo. Kwenye kifuniko cha tangi lake palikuwa na neno DIZELI, kubwa, kwa rangi nyekundu. Lakini wenye mashine za kusaga walikuwa wakija na mpira usiku kumfyonzea mafuta pale kanisani. Okari akachukua wembe, akalikwangua neno hadi bati likang'aa, ili wezi wadhani ni petroli kama magari mengine madogo. Akili nyingi! Tangu siku hiyo hakuibiwa hata tone.

Mbele yao, kando ya barabara, Onyango alikuwa amekaa nyuma ya meza yake ya chupa za mafuta. Bashir alikanyaga breki.

"Umeona gari ndogo nyeupe?"

"Ile inalia kama trekta? Imepita. Kijana ametoka mbio, anasema mwaga haraka, niko na mgonjwa. Na kweli mama alikuwa huko nyuma anaugua."

"Alikuwa hai?" Okari alimshika shati.

"Maiti inaugua, omera, ndugu yangu? Niachilie shati."

"Umemwaga nini?"

"Petroli."

"Petroli!"

"Sasa gari ndogo inakunywa nini, uji?" Onyango naye alianza kukasirika. "Dizeli ni ya lori. Ni ya trekta. Mimi nimetafuta pale kwa kifuniko kama kuna maandishi, hakuna kitu. Nimemuuliza kijana, kijana anasema mwaga hiyo hiyo."

Okari alirudi kwenye pikapu.

"Itafika wapi?" Bashir aliuliza, sasa bila mzaha.

"Dizeli iliyobaki kwenye mipira itaivuta kidogo. Halafu itaanza kugonga. Halafu itakufa. Na ikifa hakuna wa kuiwasha mpaka tangi limwagwe na pampu itolewe hewa." Okari aliitazama barabara. "Mimi ndiye nimeizima, Bashir. Kwa wembe wangu."

Walilikuta karibu na Rodi Kopany, siku ya mnada wa ng'ombe. Kwanza waliona vumbi. Kisha fimbo zikipanda na kushuka. Kisha wakalisikia lile neno ambalo kila mtu wa huku analijua hata kama Kijaluo chake ni cha kununulia samaki tu.

"Jakuo! Jakuo!"

Mwizi.

Gari jeupe lilikuwa limesimama kwenye mteremko chini ya uwanja wa mnada, kimya, mlango wa nyuma wazi. Okari aliingiza kichwa. Blanketi lipo. Kiatu kimoja cha Nyaboke kipo. Kiti kimelowa damu.

Nyaboke hayupo.

"Wewe ndiye mwenye gari?"

Aliyeuliza alikuwa Ochuodho, dalali wa mnada, mtu mrefu mwenye fimbo ndefu kuliko yeye. Miguuni pake alilala kijana wa shati jekundu, mdomo umepasuka, jicho moja limefunga duka. Jina lake alikuwa amelitaja mara nyingi akiomba asiuawe: Bichage. Kando yake palikuwa na debe dogo lililomwagika, na kando ya debe, tairi kuukuu ambalo halikuwa limeletwa pale kwa sababu ya gari.

"Ni mimi mwenyewe," Okari alisema.

"Tumemshika akirudi kwa gari yako na mafuta. Huyu mama ametoka Rongo na matatu, ameitambua." Ochuodho alimwonyesha mama mmoja wa kikapu. "Sema tu neno. Ni mwizi wako?"

Okari alimwinamia Bichage. "Yuko wapi? Mama aliyekuwa nyuma, yuko wapi?"

"Lo..." Bichage alitema damu. "Lori..."

"Lori gani? Limeenda wapi?"

Buti la mtu lilimfikia Bichage mbavuni, na jibu likaishia humo humo.

"Mwongo huyo! Amemtupa mama wa watu mtoni!"

"Lete kiberiti!"

Fikirini upesi kama Okari. Pale Rodi barabara zinagawanyika: hii Homa Bay, hii Ndhiwa mpaka Sori, hii Asumbi, hii ya kurudi Rongo. Lori limemchukua Nyaboke kwenye mojawapo, kama kweli kuna lori. Anayejua ni huyu peke yake, na mdomo wake umebakiwa na dakika chache. Okari akisema ndiyo, ni mwizi, mdomo huo unafungwa.

"Huyu si mwizi," Okari alisema. "Ni dereva wangu."

Bashir aligeuza shingo hadi ikalia. Huyu ni shemasi ambaye aliwahi kusimama mbele ya kanisa zima kukiri kwamba alisinzia wakati wa maombi.

"Uongo!" Mama wa kikapu alipiga kofi. "Mimi nimemsikia huyu mzee kwa masikio yangu, pale Rongo, akilia gari imeibiwa!"

"Nilikosea, mama. Alitangulia na mgonjwa bila kuniambia. Nilishtuka."

Watu walinung'unika. Fimbo zilishuka nusu. Ochuodho alimtazama Okari kwa muda. Mtu aliyezeeka akidanganywa na wauza ng'ombe ana macho yake mengine.

"Sikia, omera. Hapa mtu akileta ng'ombe ambaye simwelewi, mimi simuulizi kama amemwiba. Namuuliza ng'ombe anapenda kulala upande gani, anaogopa nini, anaitwaje. Mwenye ng'ombe hujibu bila kufikiri." Akamgusa Bichage begani kwa ncha ya fimbo. "Wewe dereva. Hii gari ya tajiri yako inatumia mafuta gani?"

Watu walisogea karibu.

Okari alifungua mdomo. Fimbo ya Ochuodho ilihama, ikatua kifuani pake.

"Wewe nyamaza. Nimeuliza dereva."

Petroli. Kijana atasema petroli. Ameitia yeye mwenyewe, Onyango amemuuliza na akasema mwaga hiyo hiyo. Okari alifumba macho. Aliomba kwa Mungu ambaye alikuwa ametoka kudanganya mbele yake.

"Dizeli," Bichage alisema.

"Sema tena."

"Dizeli. Na haina stata. Inasukumwa."

Ochuodho aliinama, akalichukua lile debe, akanusa. Akampa jirani naye anuse. Dizeli. Alishusha pumzi, labda ya kuridhika, labda ya kukosa shughuli.

"Mwinueni."

Okari alimwinua mwenyewe, mkono chini ya kwapa, sikio karibu na ule mdomo uliopasuka. "Nani amekuambia ni dizeli?"

"Bibi yako," Bichage alinong'ona. "Gari ilipoanza kugonga. Alinipiga kichwa na kiatu. Anasema hii ni dizeli, mjinga wewe, umetuua."

Okari alishindwa kujizuia. Kilimtoka kitu kati ya kicheko na kilio. Huyo ni Nyaboke. Hakuna mwingine. Kwa hiyo alifika hapa akiwa hai, na akiwa na nguvu ya kurusha kiatu.

"Sikujua kuna mtu, mzee. Nilisikia sauti nyuma nikiwa nimeshatoka Rongo. Nusura niingie mtaroni. Akaniambia: nipeleke Homa Bay kwa Nyatichi, halafu gari uchukue. Nikageuza."

"Halafu?"

"Imekufa hapa. Nikasimamisha lori la ng'ombe, limeenda naye Homa Bay. Mwanzo alikuwa anaongea." Alimeza damu. "Wakati tunampandisha hakuwa anaongea."

Msimfanye malaika. Hakurudi na lile debe ili kusali. Alirudi kwa ajili ya gari.

"Bashir, Homa Bay!" Okari aligeuka. "Haraka!"

"Hakuna mtu anaenda popote."

Askari alikuwa amefika, mmoja tu, rungu kwapani, ametokwa jasho kwa kukimbia. Alichungulia kiti cha nyuma. Alikaa amechungulia kwa muda mrefu kidogo.

"Gari ni ya nani?"

"Yangu, afande."

"Dereva?"

Okari alisita. Tairi bado lilikuwa pale. Watu bado walikuwa pale. "Huyu hapa."

"Damu ni ya nani?"

"Ya bibi yangu. Ana uchungu wa kuzaa. Lori limempeleka hospitali."

"Umeliona hilo lori?"

"Sikuliona, lakini..."

"Basi. Gari yako, dereva wako, damu ya bibi yako, na bibi mwenyewe hayuko. Nyinyi wawili mtakaa chini hapa mpaka mkubwa wangu afike."

"Afande, nakusihi!"

"Kaa chini, mzee."

Shemasi akaketi vumbini bega kwa bega na mwizi wake. Bashir alibembeleza, alitaja Mungu, alitaja jamaa zake wenye vyeo ambao sidhani wapo. Askari alikuwa ukuta.

Ndipo lori likashuka kutoka upande wa Homa Bay, tupu, mbao zikigongana. Dereva wake aliruka hata kabla halijasimama vizuri.

"Mume wa yule mama! Mume wa yule mama amefika?"

"Ni mimi!"

"Mzee, unafanya nini hapo chini? Daktari Nyatichi anakutaka! Mama amezimia, hawezi kuweka sahihi. Daktari anasema hampasui bila mume au ndugu. Anasema uje sasa, sasa hivi, kwa sababu lile kovu limeanza kuachia!"

Okari alisimama. Rungu likamzuia.

"Afande, umesikia kwa masikio yako!"

"Nimesikia mama ameumia. Hata aliyepigwa na bwanake hupelekwa na lori." Lakini sauti yake ilikuwa imelegea. Alimsogelea Okari. "Mzee, mimi nataka kukusaidia. Nisaidie na wewe. Kama huyu ni mwizi, wewe ni mlalamishi, nenda kwa bibi yako. Kama ni dereva wako, mambo ni yenu wawili, na hamtoki. Sasa niambie. Ni dereva wako au siye?"

Duara la watu lilikuwa limejirudisha. Hakuna aliyekuwa ameenda nyumbani. Ochuodho aliegemea fimbo yake, anasubiri kama anayesubiri bei.

Okari alitazama barabara ya Homa Bay. Akatazama tairi.

"Afande."

Alikuwa ni Bichage. Alikuwa amesimama, ameshika mbavu.

"Mimi si dereva wake. Nimeiba hiyo gari Rongo. Huyu mzee amenionea huruma tu. Mwacheni aende."

Sijui kama mmewahi kusikia watu wengi wakivuta pumzi kwa pamoja.

"Nilijua," Ochuodho alisema polepole. Hakuonekana kufurahi.

Mtu mmoja aliokota tairi. Mwingine alikuwa ameshajilaza chini ya gari la Okari, anatafuta bomba la tangi, kwa sababu ndani ya tangi mlikuwa na petroli, na mtu yeyote aliyenusa kifuniko alijua hivyo.

"Rudini nyuma!" Askari alipiga kelele, lakini ilikuwa sauti ya mtu anayeomba. Walimsukuma kando kama pazia.

"Shemasi, panda!" Bashir alikuwa ameshageuza pikapu, mlango wazi. "Panda twende!"

Okari alikimbia. Alishika mlango, akaweka mguu ndani.

"Mzee!" Askari alikuwa anazama katikati ya mabega ya watu, kofia imemtoka. Rungu lake lilikuwa mkononi mwa mtu mwingine. "Mzee, usiende! Mimi peke yangu siwezi! Gari ni yako, wewe ukisema umemsamehe watakusikia! Mimi hawanisikii!"

Nyuma yake, shati jekundu lilipotea chini.

"Nyaboke, Okari," Bashir alisema. Hakupaza sauti. "Nyaboke."

"Bashir, nenda wewe! Mwambie daktari mimi nimekubali!"

"Mimi ni ndugu yake? Ataniuliza mimi ni nani. Atakataa. Panda au shuka, ndugu yangu, lakini fanya mojawapo."

Mguu mmoja wa Okari ulikuwa ndani ya pikapu. Mwingine ulikuwa bado kwenye vumbi la Rodi, na harufu ya petroli yake mwenyewe ilikuwa imeanza kumfikia.

Okari aliinua mguu mmoja. Ni upi, mtabishana tena wiki nzima.